Saa ya Kusimamisha Mashine ni ya Nani?

Muwa ukishakatwa haumngoji mtu. Sukari iliyomo huanza kupotea siku ile ile. Shamba likiwa limechomwa moto kabla ya kuvunwa, kama ilivyo kawaida mahali pengi, upotevu huenda kasi zaidi: bakteria hupenya pale panga lilipopita, hutengeneza ute unaoifanya juisi iwe nzito na kuizuia sukari isigande vizuri. Ndiyo maana kiwanda hutaka muwa ufike kinuni ndani ya siku moja au mbili. Mtambo ukikwama, hasara haibaki chini ya paa la kiwanda. Inaonekana uwanjani, juu ya matrela yaliyopanga foleni, na inamfikia mkulima mwenye ekari zake mbili kijijini.

Nimechukua kiwanda cha sukari kuwa uwanja wa mjadala huu kwa sababu humo ugomvi wa matengenezo hauwezi kufichwa. Nchini Tanzania, katika viwanda kama vya Kilombero, Mtibwa na TPC ya Moshi, mvua za masika hufunga msimu wa kusaga, na kipindi hicho mafundi huifumua mitambo na kuijenga upya. Magharibi mwa Kenya hakuna mwanya wa namna hiyo. Miwa husagwa karibu mwaka mzima, na fundi anayetaka wiki chache za kufunga kiwanda hana budi kuzipigania. Lakini hata penye masika, miezi mingine yote swali ni lile lile: mashine ikianza kulalamika katikati ya msimu, nani mwenye haki ya kuisimamisha?

Sauti zifuatazo nimezitunga. Hoja zake zinasikika kwenye karakana na ofisi za viwanda vya kila aina, viwe vya saruji, vya nguo au vya maziwa. Mimi mwenyewe nina upande, na sitauficha. Kinachobishaniwa ni giaboksi ya konveya inayopandisha miwa kwenda kwenye visu na vinu. Beringi yake moja imeanza kulia. Giaboksi ya akiba haipo, kwa hiyo ikisimama hiyo, kiwanda kizima kimesimama.

OPERETA: Nakaa hatua chache kutoka kwenye giaboksi ile zamu nzima. Wiki iliyopita ilikuwa na mvumo tu. Sasa kuna mkwaruzo ndani ya mvumo, na ukiweka kiganja juu ya kasha huwezi kukiacha. Niliandika kwenye daftari la zamu. Meneja akasoma, akaandika chini yake: "Iendelee, iwe inaangaliwa." Iangaliwe mpaka iweje?

MENEJA WA UZALISHAJI: Dada, sikatai kwamba inalia. Ila hesabu na upande wangu. Tuseme tunasaga tani 3,000 kwa siku. Hizo ni tani 125 kila saa, na kwa kuwa tani kumi za miwa hutoa karibu tani moja ya sukari, kila saa tukisimama tumeacha tani 12 na nusu. Fundi anataka saa nne. Ni tani 50. Jumapili tutasimama kusafisha mitungi ya kuchemshia juisi. Kazi ya giaboksi iingie humo humo, tusipoteze mara mbili.

FUNDI MKUU: Jumapili hiyo umeahidiwa na nani, Meneja? Beringi ikianza kufa hutoa ishara kwa mpangilio. Kwanza hutetemeka kidogo mno, sikio halipati, kifaa ndicho kinachopata. Baadaye chembe za chuma huonekana kwenye oili. Halafu ndiyo sauti. Halafu joto. Mwisho moshi. Binti huyu anasikia na anaungua mkono. Hatuko tena mwanzo wa njia. Na beringi haifi peke yake. Gololi zake zikitoka zinaingia kwenye meno ya gia, shafti inapinda, kasha linapasuka. Saa nne zitakuwa siku mbili kama spea zote zipo stoo. Kama hazipo, usinihesabie saa, nihesabie meli.

MENEJA: Mzee wangu, msimu uliopita ulisema hivyo hivyo kuhusu pampu ya juisi, na pampu ikafika masika.

FUNDI: Ilifika. Na tulipoifungua, shafti ilikuwa imeliwa hadi ikabidi tuchonge mpya.

MHASIBU: Naomba niingie hapo. Kwenye ukuta wa karakana mmeandika kwa rangi nyekundu: usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila bajeti inapokuja nasomewa hiyo. Lakini methali haituambii tuanze na ufa upi, na mimi nina fedha za nyufa chache. Mzee, orodha yako ya masika iliyopita kila mstari uliandikwa "muhimu sana". Feni ya ofisi muhimu sana, boila muhimu sana. Mlibadilisha beringi nzima na mbovu kwa pamoja, kwa kuwa kitabu kilisema muda umefika. Halafu wiki za kwanza za msimu mpya tukasimama mara nyingi kuliko wiki za mwisho za msimu wa zamani. Nieleze hilo.

MWANDISHI: Nitamtangulia Fundi kidogo, kwa sababu swali la Mhasibu lilishaulizwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na aliyelijibu hakuwa fundi. Conrad Hal Waddington alikuwa mwanabiolojia wa Uingereza aliyepelekwa kwenye kitengo cha utafiti cha Coastal Command, tawi la jeshi la anga lililowinda nyambizi za Ujerumani baharini. Ndege zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa chini zikitengenezwa. Kanuni ilitaka kila ndege ikaguliwe kila baada ya saa 50 za kuruka. Waddington na wenzake wakazipanga hitilafu kufuatana na saa zilizopita tangu ukaguzi. Kama ukaguzi ulikuwa unasaidia, hitilafu zingepaswa kuwa chache mara baada yake, kisha zipande kadiri ukaguzi mwingine unavyokaribia. Walikuta kinyume chake: zilikuwa nyingi mara tu baada ya ukaguzi, kisha zikapungua. Kufungua kitu kizima, kukigusa na kukifunga tena kulikuwa kunaleta ubovu. Wakaurefusha muda kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, wakaziacha kazi zisizo na faida, na saa za kuruka zikaongezeka sana. Habari hizo zilikaa siri ya jeshi kwa miaka mingi. Kitabu cha Waddington kilichapishwa mwaka 1973.

Mwaka 1978 Stanley Nowlan na Howard Heap, wa shirika la ndege la United Airlines, waliiandikia Wizara ya Ulinzi ya Marekani ripoti ambayo wahandisi wa matengenezo bado wanaijadili. Kati ya vipuri vya ndege walivyovichunguza, asilimia 11 tu ndivyo vilivyoonyesha uzee, yaani umri fulani ukifika hatari ya kuharibika inapanda. Asilimia 89 havikuwa na uzee wa namna hiyo, na kuvibadilisha kwa kalenda hakukuwa na maana. Kundi kubwa kuliko yote, asilimia 68, lilikuwa hatarini zaidi lilipokuwa jipya.

Bila shaka kiwanda cha sukari si ndege. Mchanga unaoingia pamoja na miwa hula meno ya rola, minyororo ya konveya na visu. Kutu hula mirija ya boila. Vitu hivyo huzeeka kweli, na kalenda inavifaa. Hata hivyo Mhasibu amegusa penyewe, na mafundi wengi hawapendi paguswe.

FUNDI: Sina ugomvi na hesabu hizo, Mama. Wiki ya kwanza ya msimu naiogopa kuliko ya mwisho. Kibarua aliyekuja kwa ajili ya masika anakaza bolti kwa nguvu ya mkono badala ya spana yenye kipimo. Kitambaa kinasahaulika ndani ya tangi la oili. Beringi inaingizwa kwa nyundo badala ya kupashwa moto. Huo wote ni ubovu tunaoununua kwa hela yetu. Lakini usinigeuzie maneno ukasema basi tusiguse kitu mpaka kife. Wale wazungu wa ndege hawakusema acheni. Walisema kitazame kitu kwanza: kina umri wa kuzeeka, au kinatoa ishara kabla ya kufa, au hata kikifa hakina madhara? Feni ya ofisi iache ife, nakubali, niliikosea kuiweka kwenye orodha. Taa ya korido iache iungue. Giaboksi ya konveya inatoa ishara, na ishara tumeshaipata. Kama tukishaipata tunaendelea kusaga, tulikuwa tunaitafutia nini?

MHASIBU: Kwa hiyo unaomba kifaa cha kupima mtetemo? Na kamera ya joto?

FUNDI: Naviomba, lakini si mwanzo. Mwanzo ninunulie grisi ya aina inayotakiwa, ndoo zenye vifuniko na faneli safi. Beringi nyingi ninazozitoa humu hazikufa kwa uzee. Zimekufa kwa vumbi la makapi lililoingia kwenye grisi. Zimekufa kwa maji ya kuoshea sakafu. Zimekufa kwa grisi za aina mbili zilizochanganywa, zikakataana, zikageuka uji na kutoka. Nyingine zimeuliwa na kijana aliyejaza grisi hadi pomoni akidhani anasaidia. Ikizidi ndani, beringi inachemka. Nyingine ni shafti ya mota na ya giaboksi ambazo hazikunyooshwa kwenye mstari mmoja. Na nyingine, Meneja, zimekufa kwa mzigo wako.

MENEJA: Wangu?

FUNDI: Wako. Ulipoongeza tani kwa saa hukuniuliza. Umri wa beringi ya gololi haushuki hatua kwa hatua na mzigo. Ukiongeza mzigo kwa asilimia 20, umri unashuka chini ya asilimia 60 ya ule wa awali. Ukizidisha mzigo mara mbili, inabaki moja ya nane. Mota nazo zina hesabu yake: kwa kanuni tunayoifuata, kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango chake hukata nusu ya umri wa varnishi inayokinga nyaya za ndani. Ndiyo maana nagomba makapi yakirundikana juu ya mota. Wewe unaona uchafu. Mimi naona mota ya kupeleka kusukwa upya.

OPERETA: Na nani atayafagia hayo makapi, Mzee?

MWANDISHI: Swali hilo ndilo lililoubadilisha mjadala wa matengenezo huko Japani. Mwaka 1971 kampuni ya Nippondenso, iliyokuwa ikitengeneza vifaa vya magari kwa ajili ya Toyota, ilipata tuzo kwa utaratibu ambao Seiichi Nakajima aliueneza baadaye duniani. Opereta mwenyewe aisafishe mashine yake, aitie oili, akaze bolti, aikague. Fundi abaki na kazi zinazodai ufundi. Usafi huo si wa kupendeza wageni wa kiwanda. Mkono unaofuta ndio unaokutana na bolti iliyolegea, na tone la oili mahali ambapo halikuwapo jana.

OPERETA: Nimeisikia semina. Sina shida nayo, ila tuseme ukweli wote. Tukiambiwa tufagie, tutie grisi na tukague, konveya itakuwa inatembea au imezimwa? Mshahara unabaki ule ule? Nikikuta bolti imelegea, spana naipata wapi, na kabati la Mzee lina kufuli mbili?

FUNDI: Nimefunga kwa sababu zinapotea, binti yangu.

OPERETA: Basi nipe zangu, ziandikwe jina langu, zikipotea nidaiwe mimi. Nipe dakika kumi mwanzo wa zamu, mashine ikiwa imezimwa. Nipe kufuli yangu ya swichi, ufunguo ukae mfukoni mwangu, asije mtu akawasha nikiwa nimeingiza mkono. Nipelekeni chuo cha ufundi cha VETA nipate cheti, na cheti hicho kionekane kwenye mshahara. Hapo nitaitunza giaboksi ile kuliko fundi yeyote, maana mimi ndiye ninayekaa nayo.

MWANDISHI: Nasimama na Opereta kwa kila neno. Viwanda vingi huchukua nusu ya somo la Japani, ile nusu ya kumwongezea mtu kazi, na kuiacha ile ya kumpa mamlaka, mafunzo na zana. Na suala la kufuli halina mjadala kabisa. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, kwenye jukwaa la mafuta la Piper Alpha katika Bahari ya Kaskazini, zamu ya usiku iliwasha pampu ambayo vali yake ya usalama ilikuwa imeondolewa mchana ili ishughulikiwe. Kibali kilichoeleza hivyo hakikuwafikia waliohitaji kukisoma. Gesi ilivuja, ikalipuka, na watu 167 wakafa. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tangu mwaka 2003, lakini sheria haimfikii opereta isipokuwa kwa vitu viwili vya bei ndogo: kufuli yenye ufunguo mmoja, na daftari la zamu linalosomwa kweli na anayeingia kazini.

MKULIMA WA NJE: Hodi humu. Shikamoo, Mzee.

FUNDI: Marahaba, karibu.

MKULIMA: Habari zenu wengine. Nimekaa hapo nje nasikia tani na saa, tani na saa, sijasikia mtu akimtaja mkulima. Nikikata miwa na kiwanda kikasimama bila taarifa, trela langu linalala uwanjani. Miwa inakauka, uzito unashuka, na sukari mnayoipima inashuka. Vyote viwili ndivyo mnavyonilipia. Mwenye trekta anadai hela ya siku aliyolala. Wakataji nimeshawalipa. Sasa sikilizeni. Mkiniambia leo kwamba Jumatano mtasimama saa nne hadi saa nane mchana, mimi na wenzangu hatutakata jioni ya Jumanne. Miwa itabaki imesimama shambani, na ikiwa imesimama haiozi. Mtaikuta Alhamisi na sukari yake. Hizo tani 50 za Meneja hazijapotea, zimesogezwa. Ile ya ghafla ndiyo inayoniozea.

MENEJA: Unasahau mwisho wa msimu, ndugu yangu. Mvua ikianza na matrekta yakazama, miwa yote iliyosogezwa inabaki shambani mpaka msimu ujao. Nawe utakuwa wa kwanza kuja hapa kulalamika.

MKULIMA: Kweli, na ilishanikuta. Ila haikunikuta kwa saa nne. Ilinikuta mwaka ule mliposimama wiki nzima, na kila siku tukaambiwa kesho.

MWANDISHI: Huu ndio moyo wa jambo lenyewe, na namshukuru Mkulima kwa kulisema bila kuzunguka. Hesabu ya Meneja ilikuwa sahihi kwa tarakimu, lakini iliweka kusimama kwa aina mbili kwenye kapu moja. Kusimama kulikopangwa kunaweza kuelewana na wakataji, na matrekta, na stoo, hata na mafundi wenyewe, ambao watakuwa wamelala usingizi na wameandaa zana. Kusimama kwa ghafla hakuelewani na mtu. Kwa sababu hiyo saa nne za Jumatano na saa nne za usiku wa manane si kitu kimoja, ingawa ripoti ya mwezi huziandika kwa kalamu moja.

MHASIBU: Na ripoti yenyewe ina mengine. Meneja anaandika kwamba mitambo ilifanya kazi asilimia 90 ya saa zilizopangwa, na mkurugenzi anafurahi. Lakini saa zile mashine ilikuwa inatembea kwa kasi gani? Tuseme asilimia 80, kwa sababu giaboksi inalia na opereta anaionea huruma. Na sukari iliyotoka, tuseme asilimia 95 ndiyo ilifikia kiwango, nyingine ikarudi kuyeyushwa upya. Zidisha zote tatu: ni asilimia 68 na kitu. Tulikuwa tunajivunia 90.

MENEJA: Mama, hiyo kasi ndogo mimi ndiye niliyeiomba, ili tusogee hadi Jumapili.

MHASIBU: Basi saa nne zako ulishazilipa kidogo kidogo, na giaboksi bado mbovu. Tukija kwenye stoo, nayo si nzuri. Nimekuta vipuri vya mashine tulizoziuza zamani, vimekaa na grisi yake kwenye boksi. Beringi ya giaboksi hii ipo moja. Gia hakuna, shafti hakuna.

FUNDI: Niliandika gia miaka miwili mfululizo.

MHASIBU: Uliandika pamoja na feni, Mzee. Vyote muhimu sana.

MWANDISHI: Wasomaji wenye umri wanaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980. Fedha za kigeni ziliadimika, spea hazikuingia, na viwanda vingi vya Tanzania vilifanya kazi chini ya theluthi moja ya uwezo wake. Mashine moja ilichinjwa ili nyingine iishi. Nchi haikukaa bila kufikiri: Mang'ula, katika bonde la Kilombero, karakana iliyotokana na ujenzi wa reli ya TAZARA iligeuzwa kiwanda cha zana na vipuri; Hai, mkoani Kilimanjaro, kilijengwa kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kwa msaada wa Bulgaria. Vilikusudiwa kuvichongea viwanda vingine vipuri, navyo vikadorora kwa miaka mingi. Siwalaumu mafundi wa wakati ule. Walifanya kazi kwa vifaa ambavyo leo hakuna ambaye angevikubali. Walijifunza kufufua mtambo kwa waya na kipande cha mpira wa gari, wakawarithisha vijana wao. Ustadi huo ni wa kweli na ninauheshimu. Ila umetuachia desturi moja mbaya: mashine ikifa usiku na fundi akaifufua alfajiri, anapigiwa makofi na kupewa posho, mwenzake ambaye mashine zake hazifi, hakuna anayejua jina lake. Kiwanda kinachotoa heshima kwa namna hiyo kitapata wafufuaji wengi.

MHASIBU: Na mimi nimo katika desturi hiyo, kwa kalamu yangu. Beringi ikibadilishwa, bei yake naiandika kwenye fungu la fundi. Oili, fungu la fundi. Saa za ziada, fungu la fundi. Giaboksi ikivunjika kwa sababu ilikataliwa kusimama, giaboksi mpya nayo naiandika kwa fundi, na saa zilizopotea naziandika "hitilafu ya mitambo". Ukivisoma vitabu vyangu, anayekataa kusimamisha hana gharama hata senti moja. Anayeomba kusimamisha ana gharama zote. Na mwisho wa mwaka bonasi inalipwa kwa tani.

MENEJA: Sasa mnataka kuniweka kikaangoni.

MHASIBU: Nataka vitabu viseme kilichotokea. Ombi la kusimamisha liwe na karatasi: mashine gani, ishara gani, saa ngapi, spea ipo au haipo. Anayekubali anasaini. Anayekataa anasaini pia, na anaandika tarehe atakayokubali. Ikivunjika kabla ya tarehe hiyo, gharama inaingia uzalishaji.

FUNDI: Na tukiifungua tukaikuta nzima?

MHASIBU: Inaingia kwako, Mzee.

FUNDI: Ni haki. Ila binti huyu asitozwe chochote kwa kuripoti, hata akikosea. Siku tukimtoza, hataandika tena kitu daftarini.

MENEJA: Nami nina neno. Mnanisema kama vile tani nazipanga mimi. Nakabidhiwa lengo la msimu limeshapigwa hesabu ya siku zote na saa zote, mchana na usiku. Saa ya matengenezo haimo humo hata moja. Nikiitoa, naitoa kwenye shingo yangu. Mkurugenzi atasaini karatasi ipi?

MWANDISHI: Meneja ana haki, na hapa ndipo mijadala mingi ya viwandani hukomea kwa kuwa anayeulizwa hayupo chumbani. Jibu langu ni kwamba mkurugenzi asaini ya kwanza kuliko wote. Lengo la msimu litoke ofisini kwake likiwa limeshaondolewa saa za kusimama, zikiwa na tarehe, na wakulima wazijue kabla hawajapangiwa zamu ya kukata. Meneja aliyepewa lengo lisilo na nafasi ya kusimama ameagizwa kuvunja mashine, hata kama hakuna aliyelitamka hilo. Na atakapoivunja, yeye ndiye atakayeitwa kujieleza.

MENEJA: Haya. Hilo la mkurugenzi nitalipeleka mwenyewe, na Mama atanisindikiza na vitabu vyake. Giaboksi tusimamishe Jumatano, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Masharti yangu: Jumanne beringi iwe mezani pangu, imetolewa kwenye boksi na kupimwa, nisiambiwe tena iko stoo. Ndugu Mkulima awaarifu wenzake leo. Na wewe, Mzee, usifungue kingine kwa sababu tu kiwanda kimesimama.

FUNDI: Giaboksi tu, na kuinyoosha na mota yake. Mnyororo wa konveya nitautazama kwa macho, sitaugusa.

MKULIMA: Wa kwetu nitawafikia kabla ya jua kuzama. Wa ng'ambo ya mto mtume gari la kiwanda.

OPERETA: Na kasha likizidi joto kabla ya Jumatano?

MENEJA: Nipigie simu.

OPERETA: Usipopokea?

MENEJA: Zima. Andika daftarini ulichokiona na uweke saini yako. Yangu nitaiweka chini yake nikifika.